Mkaguzi Aliyenyimwa Kahawa

Ukikutana na Mkaguzi uso kwa uso, ulimwamkia kwa heshima zote. Shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka kooni, miwani, mwavuli mweusi hata siku isiyo na wingu. Ila ukisubiri apite, kisha ukamtazama kwa nyuma, ulianza kujiuliza maswali. Makalioni suruali yake ilikuwa na kiraka cha turubai kilichoshonwa kwa uzi wa viatu, na kwenye kiraka kulikuwa na tope jekundu la Muleba ambalo hakuna sabuni ya Bukoba iliyowahi kulishinda. Mtu huyu, aliyewatisha walimu wa shule za msingi kwa miaka mingi kiasi kwamba wengine walimwota, alikuwa anaserereka.

Nieleze kabla msomaji hajafikiria vibaya. Huku kwetu migomba ikikomea, rweya inaanza: nyasi tupu juu ya vilima, mahali pa kuchungia ng'ombe na kukatia majani ya kutandika ndani ya nyumba. Kiangazi watu huzichoma. Masika yakishuka, majani mapya huchipua, mafupi na laini, na mvua zinapokaribia kuisha kilima kizima kinateleza kama ulimi. Kila mtoto anajua afanye nini na kilima cha namna hiyo. Unachuna ganda bichi la mgomba, unalilaza mgongo chini kama mtumbwi, unakaa ndani, unakamata ncha ya mbele na kujisukuma. Kila mtoto anajua, na kila mtoto akianza kuota ndevu anaacha. Mkaguzi alianza baada ya kustaafu.

Tulikuwa majirani Kahororo kabla sijahamia Kagondo. Aliniita Profesa, cheo ambacho chuo kikuu hakijanipa wala hakionyeshi dalili. Asubuhi moja ya Jumamosi alisimama mlangoni kwangu na mbwa wake akaniuliza naandika nini. Nikamwambia makala. Inahusu nini? Nikasema inahusu kutembea kwa miguu, namna kunavyomjenga mtu kifikra.

"Umetembea lini?" akauliza.

Nikavaa viatu.

Tulikuwa wanne: yeye, mimi, Kamugisha mwenye duka la dawa, ambaye alikuja na bendeji za kutosha vita, na Projestus fundi wa mageti, Mkatoliki pekee kati yetu, aliyekuwa akicheka kabla kichekesho hakijafika. Mbwa alikuwa wa tano. Aliitwa Karani, kwa sababu, alisema Mkaguzi, hajawahi kwenda kazini bila karani. Alikuwa mbwa wa rangi ya majani makavu, sikio moja limesimama na lingine limelala, na shingoni alifungwa kengele ndogo ili tumsikie akipotelea kwenye nyasi ndefu. Bukoba mtu wa heshima hatembei na mbwa. Mbwa ni wa kulinda nyumba, na anayezunguka naye ni mwindaji au mtu asiye na kwao. Mkaguzi alipita naye mbele ya kanisa la Kilutheri, ambako yeye mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, na kuvua kofia kwa kila aliyemshangaa.

Sisi wengine hatukuwa na ujasiri huo. Nyumbani tuliaga kwamba tunakwenda Nshamba, huko Muleba, kuangalia kibanja cha Mkaguzi, shamba lake la migomba, na kibanja kweli kilikuwepo, na kweli tulikiangalia kutoka barabarani tukipita. Uongo huo ulidumu mpaka mke wangu alipofua suruali yangu. Aliigeuza, akaichunguza, akanitazama.

"Huko shambani," alisema, "mnalimia makalio?"

Neno la Mkaguzi lilikuwa "ila". Alilileta kazini, akastaafu nalo. Darasa limepangwa vizuri, ila. Kwaya imeimba vizuri, ila. Marehemu mkewe ndiye pekee aliyewahi kumshinda kwenye hilo. Alikuwa amepika ndizi na maharage, Mkaguzi akala mpaka sahani ikang'aa, kisha akasema ndizi zimeiva vizuri, ila. Mkewe akamuuliza ila nini. Akaitazama sahani, akasema: ila zimekwisha.

Alikagua kila kitu. Alikagua maandazi ya barabarani kwa kuyapima uzito kiganjani. Alikagua mteremko kabla hatujaushuka, akipiga goti na kuupapasa kama daktari anayetafuta wengu. Ukimkaribisha nyumbani na kumletea kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya porini na kukaushwa, hakuitia mdomoni kama watu. Aliinua punje kwenye mwanga, akaipasua kwa ukucha, akatazama kama imeingiwa na mdudu, na mwenye nyumba amesimama pale pale na kikapu chake mkononi. Kwa Mhaya kahawa hiyo ndiyo mlango. Ukipewa, wewe ni mgeni na umepokelewa. Usipopewa, wewe ni mpita njia aliyesimama uani. Mkaguzi alipewa kila nyumba, na kila nyumba aliikagua. Mke wangu alisema siku moja mtu huyu atanyimwa, na siku hiyo atajifunza kutafuna.

Alikuwa na ukinzani ambao sikuwahi kuuelewa. Aliogopa ngazi. Ghorofa moja tu ilimfanya ashike ukuta kwa mikono miwili, lakini kilimani alikuwa wa kwanza kujiachia, miguu juu, miwani imefungwa kwa kamba, akipiga kelele isiyo na maneno ndani yake. Kanisani aliwakazia macho watoto waliocheka wakati wa maombi mpaka wakaanza kulia. Bintiye, anayeishi Mwanza, aliniambia kwamba alipokuwa mdogo alichapwa kwa kurudi nyumbani na tope hilo hilo ambalo baba yake sasa analizeekea. Nilimuuliza Mkaguzi.

"Wakati ule nilikuwa kazini," akasema.

Nilipokuwa nasita juu ya mteremko, nikipima mwelekeo wa upepo kama mtu aliyesoma, alinikumbusha kwamba makalio hayana shahada. Nami nilijisukuma. Siwezi kueleza furaha ile bila kujidhalilisha, kwa hiyo nitasema tu kwamba mtu mzima akishuka rweya ya mwezi wa tano juu ya ganda la mgomba, huku mbwa anakimbia ubavuni na kengele inalia, anasahau ana shinikizo la damu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Si siri. Nshamba nzima inalijua, na Bukoba wanalisimulia vibaya zaidi ya lilivyokuwa, kwa hiyo najitahidi tu kulisimulia kwa kipimo.

Ilikuwa Jumamosi, mvua imenyesha usiku kucha na kukatika alfajiri. Tuliacha gari juu, tukapita katikati ya migomba kuelekea rweya. Vibanja vilikuwa kimya. Hakuna jembe lililosikika, hakuna mwanamke aliyeinama kwenye maharage, hakuna aliyetusalimu. Mtu yeyote aliyelelewa huku anajua maana yake. Kijiji kikifiwa, jembe linawekwa chini mpaka marehemu azikwe. Mimi nimelelewa huku. Kamugisha na Projestus pia. Mkaguzi kazi yake yote ilikuwa kuingia mahali na kuona kilichokosekana. Akasimama, akasikiliza ule ukimya, akatoa uamuzi.

"Wasabato wamekuwa wengi huku," alisema.

Tukacheka, tukaendelea. Mwisho wa vibanja tukakuta migomba mingi imekatwa, mibichi, maji bado yanachuruzika, mikungu imeshachukuliwa. Haikatwi migomba mingi namna ile kwa siku moja isipokuwa kuna watu wengi wa kulisha. Mkaguzi aliipapasa kwa furaha. Akasema hajawahi kuona maganda mazuri kama haya, ni kama wametuandalia. Kila mmoja akachuna lake. Hakuna aliyeomba ruhusa, maana hakukuwa na wa kuomba.

Mteremko ule unaishia kwenye uzio wa miti ya miyombo wa nyumba moja. Tulishuka wote wanne kwa mpigo, Karani ubavuni. Projestus alikuwa anaiga honi ya meli. Kamugisha alikuwa anamwita mama yake. Mkaguzi mbele yetu na ile kelele yake. Tukapita kwenye pengo la uzio, tukaserereka mpaka uani, tukasimama.

Uani kulikuwa na watu wameketi chini, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, kimya, wamefunika vichwa. Chini ya migomba vijana walikuwa wanamenya zile ndizi. Mlangoni aliketi mama mmoja juu ya majani mapya, Ma Adventina, mumewe amelala ndani hajazikwa.

Hakuna aliyetukemea. Ingekuwa nafuu. Mzee mmoja, aliyekuwa mwalimu, alisimama taratibu kwa mazoea ya miaka na kusema, "Shikamoo, Mheshimiwa Mkaguzi." Mkaguzi alikuwa bado ameketi ndani ya ganda lake.

Akanyanyuka. Nikaona midomo yake inatafuta neno, na neno aliloshika lilikuwa baya kuliko yote. Akatunong'oneza: "Turudini."

Tukageuka kurudi tulikotoka. Naomba msomaji akumbuke kilima kile kilikuwa cha namna gani. Hakuna anayekimbia kupanda rweya iliyolowa. Tulipanda hatua tatu tukaserereka mbili. Kamugisha alianguka kifudifudi, akarudi kwa tumbo mpaka karibu na wafiwa, akaanza upya. Na muda wote huo, msiba mzima ulikuwa unatazama suruali zetu kwa nyuma. Sijui ilichukua muda gani. Bado napanda.

Tulipofika juu ndipo tulipogundua hatuna mbwa. Mkaguzi aliangalia chini. Karani alikuwa amelala uani, kidevu juu ya miguu, kati ya wanaume. Kwa kawaida Mkaguzi alimwita kwa mluzi. Alikunja midomo, kisha akaikunjua. Hupigi mluzi kwenye msiba. Tukaondoka bila mbwa, na njia nzima mpaka Bukoba Projestus hakucheka.

Karani alirudi Kahororo baada ya mazishi, ameletwa na mtu wa pikipiki ambaye hakutaka kuingia ndani.

Mkaguzi alijiuzulu uzee wa kanisa kabla hajaombwa. Alisema aliyemkosea mfiwa hawezi kupitisha sahani ya sadaka. Mchungaji alijaribu kumbembeleza, ila Mkaguzi alimkagua tu. Na kila mwaka tangu hapo, masika yakielekea ukingoni, alivaa suruali isiyo na kiraka, akachukua mkungu wa ndizi, akaenda kwa Ma Adventina kuomba radhi. Alikwenda kwa barabara ile ndefu inayozunguka kilima, mkungu begani, kupeleka ndizi Nshamba, ambako ndizi ndiyo kitu pekee wasichokosa. Sisi watatu tulituma salamu. Tulikuwa na kazi.

Akirudi nilikwenda kumsikiliza. Mazungumzo hayakubadilika.

"Amenipokea vizuri."

"Umeketi?"

"Tulisimama uani."

"Kahawa?"

Alivua miwani akaifuta. "Pengine ilikuwa imekwisha," alisema.

Mwaka mwingine alisema pengine meno ya mama yanauma siku hizi, watu wenye meno mabovu husahau kahawa. Mwaka mwingine aliendelea tu kufuta miwani. Nilimuuliza alitumia maneno gani kuomba radhi. Akanisomea kama hotuba: anaomba radhi kwa kelele, kwa maganda yaliyochukuliwa bila idhini, kwa kuserereka mbele ya marehemu, kwa mavazi. Alikuwa ameyapanga kwa uzito. Nikamwambia ni radhi kamili, sioni kilichopungua. Naye alikuwa ameikagua mara nyingi kuliko mimi.

Aliacha kuserereka. Kiraka hakikupata tope jipya. Nilimwona akizeeka kwa namna ambayo umri peke yake haufanyi. Alianza kusema kazi nzuri bila kuongeza ila, na watu wa Kahororo wakadhani anaumwa. Jambo moja tu ndilo lililokuwa limebaki analolitaka, na hakulificha: kabla hajafa, apewe kahawa kwenye nyumba ile. "Sitaki kuzikwa na watu wanaojua nilifukuzwa," aliniambia. Nikamwambia hakufukuzwa. Akasema mtu asiyepewa kahawa amefukuzwa kwa adabu.

Mwaka huu alinipigia simu. Magoti yalikuwa yamemchoka na bintiye alikuwa amempiga marufuku kutoka nje ya Kahororo. Alitaka tumpeleke. Hakusema nimpeleke. Alisema tumpeleke, wote watatu, na kwa sauti yake nilijua salamu hazitapokelewa tena.

Kamugisha aliendesha. Karani, mzee sasa, macho yana ukungu, alilala miguuni kwa Mkaguzi. Tulipofika chini ya kilima tukakuta mvua imekata ile barabara ndefu. Kalavati limekwenda, na mfereji umekuwa mto. Njia iliyobaki ilikuwa ya juu, kupitia rweya. Tukatazamana. Mkaguzi ndiye aliyesema, bila kumtazama yeyote, kwamba magoti yake hayawezi kuushuka mteremko ule kwa kutembea.

Safari hii tuliomba. Mwenye kibanja cha juu alisikiliza haja yetu, akamtazama yule mzee mwenye shati jeupe, akaenda mwenyewe kutuchunia ganda. Tukamketisha Mkaguzi ndani yake, mkungu mapajani. Projestus akashika upande mmoja, mimi upande mwingine, Kamugisha akashika kamba tuliyoifunga nyuma, tukamshusha polepole kama kabati la mtu. Hakupiga kelele. Karani alitangulia, kengele yake ikilia kilima kizima, nami niliona aibu mpya juu ya ile ya zamani, maana ilikuwa nyumba ile ile, pengo la uzio lile lile, na sisi ni wale wale.

Ma Adventina alikuwa amesimama uani anatungoja.

"Nimesikia kengele," alisema. Akainama, kwa shida, akamkuna Karani chini ya lile sikio lililolala. Ilionekana wanafahamiana.

Mkaguzi alijaribu kusimama ndani ya ganda, akashindwa, akaanza hotuba yake pale pale chini. Kelele, maganda, mavazi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza kila mwaka. Kisha akauliza, kwa upole:

"Waitu, ndugu yetu Mkaguzi, haya unayoniomba nani alikuambia yaliniudhi?"

Mkaguzi aliukamata mkungu uliokuwa mapajani mwake.

"Mume wangu aliserereka kilima hiki mpaka anaoa. Angewaona siku ile angecheka. Hata mimi nilitaka kucheka." Akanyoosha mkono kuelekea kwa mbwa. "Huyu alikuja, akakaa mpaka tulipozika. Ninyi mlifika kwenye msiba wangu, mkaona mlivyochafuka, mkaondoka. Aibu yenu ilikuwa kubwa kuliko maiti yangu."

Kamugisha alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa natafuta sentensi, kwa sababu natafuta riziki kwa sentensi, na sikuipata.

"Kila mwaka unakuja umesimama, unasema, unaaga," alisema. "Nami nangoja uketi."

Mkaguzi alifungua mdomo. Nilijua neno linalokuja, na naamini yeye pia alilijua, maana aliufunga.

Mama aliingia ndani, akatoka na fungu la majani mabichi, akayatandika kizingitini kama yanavyotandikwa kwa wafiwa. Tukambeba Mkaguzi mpaka pale. Tukaketi, Projestus na Kamugisha na mimi, suruali zetu zikiwa na tope, na hakuna aliyesema kitu. Manyunyu yalianza, yakaacha. Kuku walipita. Watu waliokuwa wanapita njiani walisimama kwenye uzio, wakatuona, na kwa kuwa walidhani kuna msiba, wawili waliingia wakaketi nasi bila kuuliza. Ma Adventina hakuwaambia vinginevyo.

Tulikaa mpaka miguu yangu ilipokufa ganzi. Ndipo alipoleta kikapu kidogo chenye kifuniko. Aliwapa kwanza wale wawili, kisha Kamugisha, Projestus, mimi. Mkaguzi alikuwa wa mwisho. Alipokea kwa mikono miwili, punje chache nyeusi kiganjani, na kwa mazoea kichwa chake kilianza kuinuka kutafuta mwanga.

Kisha akazitia mdomoni zote kwa pamoja, bila kuzitazama, akatafuna.